Msimulizi aliyefukuzwa sinemani yuko kibandani

MWEZI wa Agosti, shule zilipokuwa zimefungwa, nilisimama mbele ya watoto 23 katika ukumbi mdogo mtaani Kapsoya, hapa Eldoret, nikiwa na vitu viwili: kitabu na projekta ya kuazima. Kitabu kilikuwa ‘Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu’, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa mwaka wa 2015. Sinema ilikuwa ile katuni ya Disney ya mwaka wa 1951 iliyotokana na hadithi hiyo hiyo ya Lewis Carroll. Azma yangu ilikuwa nyepesi. Ningewasomea sura mbili, niwaonyeshe sinema, kisha niwaulize kipi kimewapendeza zaidi. Jibu nilikuwa nalo mfukoni tayari: wangechagua sinema, nami ningerudi nyumbani kuandika safu ya kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasomi.

Mambo hayakwenda hivyo. Kusoma kulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Sungura Mweupe na saa yake aliwachekesha hata waliokuja kwa ajili ya biskuti. Sinema ilipoanza, walikaa kimya kwa dakika kumi hivi, wameduwazwa na rangi. Kisha msichana mmoja akauliza mbona Alisi anajisemesha peke yake kama mtu aliyechanganyikiwa. Kufikia dakika ya ishirini minong’ono ilikuwa imeshamiri, na wavulana wawili wa nyuma walikuwa wakirushiana ganda la ndizi. Kiingereza cha sinema ile kinakwenda mbio, kinaimbwa, na nusu yake ni michezo ya maneno ambayo hata mimi mwenye shahada zangu baadhi yake hunipita.

Hapo ndipo alipoinuka kijana wa miaka kama kumi na mmoja, akasimama kando ya ukuta na kuweka ngumi mdomoni mithili ya kipaza sauti.

“Sasa huyu dem ameingia kwa mlango mbaya,” akaanza. “Watazamaji, mnaona huyu paka? Huyu paka si wa kuamini. Anacheka na hakuna kitu ya kuchekesha. Ukiona mtu anakuchekea na hajakuambia kitu, shika mfuko yako!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Ganda la ndizi likasahaulika. Kutoka hapo hadi Malkia alipoanza kuagiza watu wakatwe vichwa, hakuna mtoto aliyetazama kwingine. Nilimwacha kijana aendelee. Miaka michache iliyopita ningemkalisha chini.

Niseme wazi kwamba nina deni. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, katika chuo ambacho jina lake halina haja hapa, aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu maelezo ya madijei katika vibanda vya video vya mtaa wa Langas. Alitaka kuchunguza namna dijei anavyozungumza juu ya sinema ya Kizungu, akiifasiri, akiichekesha na kuwapa wahusika majina ya kwetu. Nilisoma kurasa mbili. Pambizoni nikaandika kwa wino mwekundu: “Hii si fasihi.” Maneno matatu. Mwanafunzi hakubishana. Akabadilisha mada, akaandika kuhusu viambishi nyambulishi, akafuzu vizuri sana. Siku ile ya Kapsoya, nikimsikiliza mtoto yule, nilianza kuyaona yale maneno matatu kwa jicho jingine.

Sisi wa fasihi tumezoea kueleza tofauti ya kitabu na sinema kwa sentensi moja: kitabu humpa mtoto nafasi ya kuunda picha akilini, sinema humpa picha zilizokwisha kuundwa. Nimeifundisha sentensi hiyo kwa miaka mingi, na sasa naiona haina nyama. Watoto wa Kapsoya hawakuchoshwa na picha. Picha walizipenda. Walichokikosa ni mtu wa kuwaambia.

Kifungue kitabu chenyewe. Carroll alikichapisha mwaka wa 1865, lakini hadithi ilizaliwa miaka mitatu kabla, kwa mdomo, ndani ya mashua, akiwasimulia wasichana watatu wa familia moja ya Oxford. Sauti ile ya mashuani haikutoweka kitabuni. Imejificha kwenye mabano. Kila baada ya muda msimulizi humwacha Alisi kidogo, akamgeukia mtoto anayesoma na kumnong’onezea jambo: kwamba huyu Alisi hupenda kujifanya watu wawili, kwamba hutumia maneno makubwa asiyoyajua maana kwa sababu tu yanapendeza kutamkwa. Mtoto anayesoma hujihisi ana mkubwa wake pembeni, wote wawili wakimcheka Alisi bila kumdharau. Sinema ya 1951 ilimwondoa mtu huyo. Maneno yake ama yalitupwa ama yalitiwa kinywani mwa Alisi mwenyewe, na ndiyo maana yule msichana wa Kapsoya alimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Swali lake lilikuwa la uhakiki hasa. Wala si yeye wa kwanza kuona kasoro. Sinema ile ilipotoka haikupokewa vizuri, na ilipata wapenzi wake miaka mingi baadaye.

Tafsiri za Kiswahili, kinyume chake, zilimhifadhi msimulizi. Ya kwanza, ‘Elisi Katika Nchi ya Ajabu’, ilitoka London mwaka wa 1940, na Elisi wake amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Ya Hadjivayanis ilikuja miaka sabini na mitano baadaye. Ukiisoma kwa sauti, kichwa chako chenyewe huinuka pale penye mabano, ukamtazama mtoto aliye mbele yako. Jaribu uone.

Si Carroll peke yake. C. S. Lewis alipoandika kisa cha watoto wanne wanaoingia kabatini na kutokea Narnia, mwaka wa 1950, alikiandika kama mjomba aliyekaa na wapwa zake karibu na moto. Husimama njiani kuwaonya, kuwauliza, kuwakumbusha ladha ya kitu walichowahi kula. Habari kwamba watoto hao waliondolewa London kwa sababu ya mabomu ya vita ameipa sentensi moja tu. Filamu ya mwaka wa 2005 ilianzia hapo hapo: ndege angani, milipuko, mama akipiga mayowe. Sentensi moja ikawa tukio zima, na mjomba mwenye maneno mengi akafutwa kazi. Filamu ilipendwa na ilichuma mamia ya mamilioni ya dola, sibishi. Ila kilichopendwa ni vita na yule simba Aslan, si ule mnong’ono. (Msomaji akumbuke filamu hii. Mmoja wa walioandika mswada wake, Ann Peacock, mzaliwa wa Afrika Kusini, atarudi kwetu hapa Eldoret baada ya aya chache.)

Kuhusu Mowgli nitasema zaidi, maana yeye tulimjua kwa Kiswahili mapema. Rudyard Kipling alichapisha kitabu chake mwaka wa 1894. Frederick Johnson, yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 kusanifisha Kiswahili, ndiye aliyetupa ‘Mashimo ya Mfalme Sulemani’ na ‘Kisiwa Chenye Hazina’, na wanafunzi wa enzi hizo walikuwa pia na ‘Hadithi za Maugli’. Vitabu hivyo vilikuwa na ajenda zake za kikoloni, na Kipling mwenyewe si mtu wa kusifiwa ovyo. Lakini Baloo wa kitabuni ni mwalimu. Ni dubu mzee, mkali, anayemfundisha mtoto sheria za mwitu na kumzaba makofi anapokosea. Kaa, yule chatu, ni mshirika wa Mowgli. Ndiye anayekwenda kumwokoa mikononi mwa nyani. Inasimuliwa kuwa Walt Disney, alipokuwa akitayarisha katuni ya mwaka wa 1967, alimpa mwandishi wake nakala ya kitabu na kumwambia kuwa jambo la kwanza asikisome. Matokeo yake ni Baloo mvivu anayecheza ngoma na kujikuna mgongo kwenye mti, na Kaa mjanja anayetaka kumla mtoto. Watoto wa dunia nzima walimpenda Baloo yule. Nami nampenda, sitaki unafiki. Hata hivyo, kila ninapomtazama najiuliza mwalimu alikwenda wapi.

Waliotengeneza filamu hizo walijua kuna pengo. Katika ya 1967, na tena katika ile ya Jon Favreau ya mwaka wa 2016 iliyokaribia kuchuma dola bilioni moja, chui mweusi Bagheera amepewa kazi ya kusimulia. Ni viraka. Anafungua hadithi kwa maneno machache, halafu picha zinachukua hatamu.

Sasa twende Langas.

Baada ya siku ile ya Kapsoya nililipa shilingi ishirini, nikaingia kibanda cha mabati chenye mabenchi ya mbao, televisheni kubwa na spika mbili zilizochoka. Nilikuwa nimeuliza mapema ni lini wataonyesha Mowgli. Kijana wa mlangoni akaniangalia mvi zangu, akasema, “Mzee, kesho saa nane. Lakini hiyo iko na DJ.” Aliniambia kama anayenitahadharisha juu ya pilipili.

Wasiopita vibandani huenda hawajui kwamba sanaa hii ina wazee wake. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyetafsiri filamu kwa sauti yake mwenyewe, akiigiza wahusika wote, wanaume kwa wanawake. Kampala ina VJ Jingo kwa Kiganda. Hapa Kenya jina lililojaa vibandani, matatuni na kwenye flashi za maduka ya muvi ni DJ Afro. Mwanaanthropolojia Mjerumani, Matthias Krings, aliandika makala kuhusu wasimulizi wa video wa Tanzania, na kichwa cha makala hiyo kinafananisha kazi yao na kuugeuza wali kuwa pilau. Huo mfano nauchukua kama kipimo cha uhakiki. Wali ni wa watu, viungo ni vyetu. Lakini pilau nzuri bado ina wali ndani yake. Ukizidisha bizari na karafuu huli chakula, unakula dawa.

Dijei wa Langas, ambaye sauti yake ilikuwa imerekodiwa juu ya filamu ya 2016, alianza vizuri ajabu. Kabla ya mnyama yeyote kufungua kinywa alikuwa ameshatusalimu, ameshatuuliza kama tumekula, ameshatutajia nani ndiye steringi na nani ndiye adui. Hiyo ni Paukwa na Pakawa. Fanani ameiita hadhira yake, hadhira imeitika. Mabenchi ya mbele yalijibu kwa sauti. Simbamarara mbaya Shere Khan alipojitokeza, dijei akasema hivi, nami nilikiandika hapo hapo: “Huyu jamaa ameamka asubuhi akaamua kila mtu atoke kwa hii shamba. Ukimuuliza title deed iko wapi, anakuonyesha meno.”

Watoto walicheka. Watu wazima waliokaa nyuma walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Anayeijua Eldoret ya mwaka wa 2008 ataelewa ukimya ule. Kipling hakuwaza hilo, wala Favreau. Lakini hadithi inahusu mtoto anayeambiwa na mwenye nguvu kuwa hapo si kwao, na dijei aliitambua mara moja, akaitafsiri si kwa maneno tu bali kwa mahali. Nimesoma tasnifu nzima kuhusu nadharia ya tafsiri ambazo hazijafika pale alipofika yule bwana kwa sentensi mbili.

Kisha akaharibu. Katika filamu hii kuna tukio ambalo chatu Kaa anamviringisha Mowgli taratibu huku akimsimulia siri: kwamba Shere Khan ndiye aliyemuua baba yake. Ni kitovu cha hadithi. Tena, kwa dakika chache, filamu inamrudisha msimulizi wa kweli, mtu anayemwambia mtoto habari za asili yake. Dijei wetu aliposikia sauti ya kike ya Kaa akaona nafasi ya mzaha. Akatupa vichekesho vitatu kuhusu wanawake wa mjini wanaokukumbatia huku mkono mwingine ukitafuta simu yako, akaongeza tangazo la duka lake la muvi pamoja na nambari, na siri ikapita chini ya kelele. Mtoto aliyekaa mbele yangu akamuuliza mwenzake, “Kwani huyo simbamarara alimfanyia nini?” Mwenzake hakujua. Walibaki hawajui hadi moto wa mwisho, wakishangilia vita ambavyo hawakuambiwa chanzo chake.

Hapo ndipo pilau ilipogeuka dawa. Tatizo halikuwa Sheng. Najua wapo wenzangu watakaosema Kiswahili cha vibandani kinaharibu sarufi, ngeli zinavunjwa kama vijiti, “mfuko yako”, “hii shamba”. Ni kweli zinavunjwa. Mtoto atafundishwa ngeli shuleni. Kinachonisumbua ni kwamba dijei yule hakuisikiliza hadithi aliyokuwa akiisimulia. Fanani wa jadi alikuwa huru kuongeza, kupunguza na kubadilisha, lakini alijua mfupa wa kisa uko wapi. Akiisha kuufikia alishusha sauti.

Ama kwa upande wa hadithi zetu wenyewe, tumefanyiwa jambo la ajabu. The Lion King ya mwaka wa 1994 haikutoka katika kitabu cha watoto, lakini iliokota majina Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi kutoka kwetu, ikawavisha wanyama wanaozungumza Kiingereza. Disney ilifikia hata kusajili ‘Hakuna Matata’ kama alama yake ya biashara. Miaka kumi na sita baadaye, mwaka wa 2010, ikaja Tinga Tinga Tales. Hii ilitengenezwa Nairobi, na mikono ya wachoraji wa Kenya, kwa mtindo wa michoro ya Tingatinga wa Tanzania, ikiwa na nyimbo za Eric Wainaina, na hadithi zake ni zile za kwa nini mnyama fulani yuko alivyo, ambazo bibi zetu walizisimulia kabla ya kuwapo kitabu chochote. Ni kazi nzuri. Wanangu waliipenda. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za Waingereza na Wamarekani. Ndovu wake anazungumza kwa sauti ya Lenny Henry, mchekeshaji wa Uingereza. Hadithi zilisafiri kutoka kwa bibi hadi London, zikarudi sebuleni kwetu zikiwa zimebadilisha ulimi.

Nakumbuka binti yangu akiwa na miaka mitano alimsimulia nyanya yake kijijini kisa cha mkonga wa ndovu kwa Kiingereza. Nyanya akasikiliza hadi mwisho, kwa heshima, halafu akaniuliza pembeni, “Amesema nini?” Nikamweleza. Akasema, “Kumbe ndicho hicho,” akaendelea kuchambua mboga.

Sasa Ann Peacock. Mwaka wa 2004 mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, hapa Eldoret. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure, naye akasema bure ni bure. Aliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, akachaguliwa kiranja, akasafiri hadi New York kuhutubia Umoja wa Mataifa. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimtupa kambini. Alifariki mwaka wa 2009. Mwaka uliofuata ikatoka The First Grader, filamu ya Justin Chadwick, Oliver Litondo akiwa Maruge na Naomie Harris akiwa mwalimu. Mswada uliandikwa na Peacock, yule yule wa Narnia.

Kwa hiyo Jumamosi ya pili nikawaonyesha watoto wa Kapsoya kisa cha jirani yao. Niliruka baadhi ya sehemu za mateso ya wakati wa Maumau, sikuziruka zote. Jambo la kwanza waliloligundua ni mahali. Shule ya sinemani ni vyumba vichache katikati ya uwanda mkavu wenye vumbi. “Hii si Eldy,” akasema mmoja kwa hasira. Mahindi yako wapi? Tope liko wapi? Mvua ya alasiri ambayo huwafanya walimu wa Kapkenduiywo na shule zote za hapa kupaza sauti chini ya mabati iko wapi? Kama ilivyo katika Narnia, mambo makubwa yameongezwa ukubwa, na mnong’ono wa mahali umepotea. Maruge wa Litondo ana macho ambayo siwezi kuyasahau, na nadhani ni uigizaji bora kuliko filamu iliyouzunguka. Ila anazungumza Kiingereza mno kwa mzee aliyekwenda shuleni kwa sababu hakuwahi kukisoma.

Kijana wetu alikuwa ameshasimama ukutani. “Watazamaji, hapa ni Kapkenduiywo, hata kama hawa wazungu hawajui barabara,” akasema, na ukumbi mzima ukatulia kama umesahihishiwa hesabu. Akampa Maruge jina la Guka. Akafasiri kila walichosema wazazi waliokuwa wakimpinga mzee, akiwaigiza kwa lafudhi za mtaani ambazo kila mtoto alizitambua ni za nyumba ipi. Kisha kumbukumbu za kizuizini zikaanza, mzee akarudi ujana wake, na wale askari wakaingia.

Kijana akashusha ngumi kutoka mdomoni. Hakusema neno. Dakika mbili, labda tatu, alisimama tu akitazama kama wengine. Msichana mmoja mdogo alijibanza kwa dadake. Picha iliporudi darasani, akasubiri kidogo, ndipo akasema kwa sauti ya chini, “Haya. Guka amerudi kwa dawati yake.”

Hakuna aliyemfundisha hilo. Yule wa Langas, mtu mzima mwenye spika na duka, hakulijua.

Nikiulizwa ni kazi zipi zinanipa matumaini, nitataja mbili. ‘Vuta N’kuvute’ ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya mwaka wa 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka wa 2021, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili cha Unguja bila kuomba radhi kwa mtu. Si ya watoto, lakini imeonyesha kwamba kitabu cha Kiswahili kinaweza kuingia sinemani bila kuacha ulimi mlangoni. Ya pili ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka wa 2018. Haikutoka kitabuni. Inamhusu Jo, msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa ajabu, na kijiji kinachoamua kumtengenezea sinema yake. Na ni nani amewekwa katikati ya kijiji hicho? Kijana wa kibanda cha video anayesimulia filamu kwa mdomo. Wainaina alikwisha kumwona yule mtu niliyekuwa nikimwandikia maneno matatu kwa wino mwekundu.

Kitabu ambacho ningetamani kukiona mikononi mwa mtu kama huyo ni ‘Siku Njema’ ya marehemu Ken Walibora, cha mwaka wa 1996. Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe tangu Tanga, na nguvu yote ya kitabu iko katika namna anavyozungumza nasi. Ninaogopa tu mtengenezaji atakayeona safari, mateso na majonzi, akavipiga picha nzuri, halafu akamnyima Kongowea sauti yake kwa sababu eti sinema ni picha.

Wiki jana nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu. Siku hizi anafundisha shule ya upili huko Turbo. Nilimwomba radhi, akacheka kwa adabu ya watu wa kwao. Nikamuuliza kama bado ana zile rekodi. Kumbukumbu yangu iliniambia alikuwa ameanza kukusanya kabla sijamkatalia. “Zilikuwa saa kumi na mbili, Prof,” akasema. “Dijei mmoja wa Langas, alikuwa akizungumza moja kwa moja kibandani, si za kurekodiwa. Zilikuwa kwa simu. Hiyo simu iliharibika.” Na dijei mwenyewe? Alirudi kwao, hajui ni wapi. Kibanda kimekuwa duka la vifaa vya ujenzi.

Nimemwambia kama atataka kusoma shahada ya uzamifu, mada iko wazi. Amesema atafikiria; ana watoto wawili na mkopo.

Kapsoya tumepanga kuonyesha Mowgli Jumamosi ijayo. Kijana wetu ameleta masharti. Anataka nizime sauti ya sinema kabisa, anataka kuitazama peke yake kwanza siku ya Ijumaa, na ameuliza DJ analipwa pesa ngapi. Nimemtajia soda na chapati. Ameniambia atanijulisha.